Shabu ya Kukisia Haisafishi Maji

Nimechoka kuona ndoo ya maji ya bwawa ikikorogwa kwa jiwe la shabu, ile chumvi ya alumini ya kutakasia maji. Mtu analishika jiwe mkononi, analizungusha ndani ya maji mpaka mkono uchoke, anasubiri nusu saa, anachungulia: maji bado meupe kama yametiwa maziwa. Anarudisha jiwe, anazungusha tena. Mara ya tatu anaamua kuwa shabu hiyo ni feki, anamwaga ndoo nzima na kwenda kuchota nyingine.

Shabu si feki. Imezidi.

Kosa ndilo hilo, na leo sina habari nyingine. Kuyaacha maji yatuame usiku kucha ili mchanga ushuke, kuchuja majani na vijiti kwa kitambaa, kutumia chombo kisafi: hayo mnayajua na wengi mnayafanya vizuri. Panapoharibika ni kwenye kipimo.

Kuna siku nililipima jiwe la shabu kabla ya kukorogea ndoo ya lita 20, nikalipima tena baadaye. Lilikuwa limepungua gramu 9. Piga hesabu: gramu 9 ni miligramu 9,000, na ukizigawa kwa lita 20 unapata miligramu 450 kwa kila lita. Maji yaleyale, nilipoyajaribu kwenye chupa kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini, yalitakata kwa miligramu 40 tu kwa lita. Mwenye ndoo alitumia shabu mara kumi na moja ya iliyohitajika, na maji hayakutakata. Kwa kipimo cha miligramu 40, kilo moja ya shabu inasafisha lita 25,000. Kwa mtindo wa kuzungusha jiwe, kilo hiyohiyo inaishia kwenye lita 2,200 hivi, tena bado za maziwa.

Wengi hawaamini kwamba dawa inaweza kuzidi ikaacha kufanya kazi, kwa hiyo nieleze kidogo kinachotokea ndani ya ndoo.

Mchanga huzama wenyewe kwa dakika chache. Kinachobaki kimeelea ni udongo wa mfinyanzi. Chembe yake yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hata maji yakiwa yametulia kabisa, inahitaji zaidi ya siku mbili kushuka sentimita 20. Zilizo ndogo kuliko hiyo huweza kuelea miezi. Na si udogo peke yake. Kila chembe imebeba chaji hasi ya umeme, kwa hiyo zikikaribiana zinasukumana, kama sumaku mbili zilizoelekezewa ncha zinazofanana. Hazigusani, haziungani, haziwi nzito, hazizami.

Shabu ina alumini. Ikiyeyuka, alumini hiyo huja na chaji chanya, inazishika chembe na kuizima ile chaji hasi. Chembe zikiacha kusukumana zinaanza kugandana. Hiyo ni hatua ya kwanza, kugandisha. Hatua ya pili ni kuzikutanisha polepole zile zilizogandana mpaka ziwe madonge makubwa yenye uzito wa kushuka. Hatua hizi mbili zinataka mikorogo miwili tofauti, na nitarudi hapo.

Sasa ukizidisha. Chaji chanya inazifunika chembe mpaka zote zinageuka kuwa chanya, na zinaanza kusukumana upya. Umevuka mto ukarudi ng'ambo uliyotoka. Zaidi ya hapo, shabu inayatia maji uchachu. Inakula alkali ya asili iliyo ndani ya maji, ile inayozuia uchachu, kati ya theluthi na nusu ya uzito wa shabu yenyewe, kutegemea aina yake. Alkali ikiisha, pH, yaani namba inayopima uchachu, inaporomoka: kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5. Ikishuka chini ya 5.5, alumini haiundi madonge. Inabaki imeyeyuka, na wewe unainywa. Shirika la Afya Duniani linataka alumini inayobaki kwenye maji ya mitambo midogo isivuke miligramu 0.2 kwa lita. Maji ya mvua yaliyokingwa bwawani huwa na alkali kidogo sana, kwa hiyo ndiyo yanayoharibika upesi kuliko yote mkono ukizidi.

Ndiyo maana nasema: maji yasipotakata, usiongeze. Acha. Pima.

Mizani ya jikoni haiwezi kupima chini ya gramu moja kwa uhakika, na ndoo ya lita 20 mara nyingi inahitaji chini ya gramu moja. Njia ya kutoka hapo ni kutengeneza maji ya shabu. Ponda shabu iwe unga, pima gramu 10, iyeyushe kwenye nusu lita ya maji safi ya vuguvugu, kisha ongeza maji mpaka ifike lita moja kamili. Sio "kama lita moja". Lita moja. Tumia chupa ya plastiki au kioo, wala usiweke kwenye chombo cha bati kwa sababu uchachu wake unakula chuma. Sasa kila mililita 1 ya maji hayo imebeba miligramu 10 za shabu, na hiyo unaweza kuipima kwa bomba la sindano. Bomba jipya, tafadhali. Hata lililosuuzwa mara kumi, bomba lililochomea mifugo dawa halipimi maji ya kunywa. Maji ya shabu yakimaliza wiki, mwaga utengeneze mengine.

Chukua chupa saba zinazoonyesha ndani, zenye mdomo mpana, kila moja na lita moja ya maji machafu yaliyochotwa kwa wakati mmoja kutoka chombo kimoja. Ya kwanza usiitie kitu. Hiyo ni ya kulinganishia. Zilizobaki zitie mililita 1, 2, 3, 4, 5 na 6, na uandike namba kwenye kila chupa kabla ya kutia, si baadaye. Ukiwa peke yako hutaweza kukoroga zote kwa pamoja. Anza na 2, 4 na 6, kisha rudia na zilizo karibu na ile iliyofanya vizuri. Koroga kwa nguvu dakika 1, halafu polepole dakika 15, halafu ziache nusu saa bila kuzigusa. Weka karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa na usome kupitia maji.

Hapa ndipo watu wananikosea tena. Wakiona chupa ya 4, ya 5 na ya 6 zote zimetakata, wanachagua ya 6 "ili kuwa salama". Hapana! Unachukua kipimo kidogo kuliko vyote kilichotakasa. Hapo ni 4. Cha 5 na cha 6 ni shabu uliyoimwaga bure, na ni hatua mbili karibu zaidi na kule kwenye maziwa.

Zikikataa zote, angalia kama madonge yalitokea hata kidogo. Yakitokea lakini maji bado ni ya tope, maji yako yana udongo mwingi kweli, kama yanavyokuwa mto ukifurika. Jaribu mililita 8 na 10. Yasipotokea kwenye chupa yoyote, tatizo si kiasi, ni pH. Ipime kwa karatasi ya kupimia. Ikiwa chini ya 6, maji yanahitaji chokaa safi iliyozimwa, robo hadi theluthi ya uzito wa shabu utakayotumia, itiwe na kukorogwa dakika moja kabla ya shabu. Rudia jaribio la chupa na chokaa ikiwemo.

Kutoka chupa kwenda chombo kikubwa ni kuzidisha tu. Chupa ya 4 ikishinda, ndoo ya lita 20 inapata mililita 80 za maji ya shabu. Pipa la lita 200 linapata mililita 800. Tangi la lita 1,000 linataka gramu 40 za unga, na hizo unazipima kwa mizani bila shida. Ziyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, usizirushe kavu ndani ya tangi zikalale chini. Lakini pima ndani ya chombo maji yaliyomo kwa kweli. Pipa lililojaa robo tatu ni lita 150, na ukilitia dawa ya 200 umesharudi kule kule kwenye kukisia.

Kipimo cha wiki iliyopita hakihusu maji ya leo. Mvua ikinyesha, mto ukibadilika rangi, mifugo ikiingia bwawani, jaribu upya. Na ukibadilisha aina ya shabu, jaribu upya pia. Shabu ya mawe yanayong'aa ina alumini karibu asilimia 5.7 ya uzito wake, wakati salfeti ya alumini ya unga inayotumika kwenye mitambo ya maji ina asilimia 8 hadi 9. Gramu 8 za moja si sawa na gramu 8 za nyingine.

Turudi kwenye mikorogo. Maji ya shabu yamwage yote kwa mara moja huku unakoroga kwa nguvu, na endelea hivyo dakika 1 kamili. Alumini hufanya kazi yake ya kuzima chaji ndani ya sekunde chache. Isiposambaa haraka, upande mmoja wa ndoo unazidi na mwingine unakosa. Dakika ikiisha, tuliza mkono. Mizunguko 20 hadi 30 kwa dakika, kwa dakika 15 mpaka 20, kwa kijiti kipana au mwiko. Tazama saa, dakika 15 za kukoroga ni ndefu kuliko unavyofikiri, na karibu kila mtu niliyesimama naye aliacha kwenye ya 5. Kuna pia wale wanaoona madonge yameanza wakafurahi, wakaongeza nguvu. Unayakata, mwenzangu. Donge lililovunjwa haliungani tena vizuri kama mwanzo, na vipande vyake vitaelea hadi kesho.

Kisha funika na uache saa nzima kwa ndoo, mbili kwa pipa au tangi, bila kusogeza wala kuchungulia kwa kuinamisha.

Ikifaulu utaona tope limelala chini na sura ya chini ya ndoo inaonekana.

Maji ya juu yatoe kwa mpira au kwa bomba lililofungwa sentimita 10 juu ya kitako cha chombo, wala usiyamimine kwa kuinamisha. Yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Tope limwage nchi kavu, mbali na kisima na bwawa.

Na hapa usiniangushe: maji maangavu si maji salama. Vijidudu vingi vimezama na tope, sio vyote. Ni sasa, baada ya kutakata na si kabla, ndipo unatia klorini au unachemsha. Wanaotia klorini kwenye maji ya tope wanalisha tope, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijawafikia wadudu. Kwa klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 1, mililita 4 zinatosha ndoo ya lita 20 iliyotakata, kisha subiri dakika 30 kabla ya mtu kunywa. Soma lebo, ikiwa nguvu yake ni tofauti, hesabu nayo ni tofauti.

Wanaotumia mbegu za mlonge, kazi yake ni ileile, kwa protini yenye chaji chanya badala ya alumini, na haishushi pH. Ila mbegu zinaacha masalia ya mimea ndani ya maji, na maji hayo yakilala siku ya pili huanza kuvunda. Tengeneza ya kunywa siku hiyo tu. Nayo pia inapimwa, haikisiwi.

Hakuna kipimo chochote cha shabu kitakachoondoa chumvi, wala mbolea iliyoyeyuka, wala dawa ya kuulia wadudu. Bwawa linalopokea maji kutoka shamba lililopuliziwa dawa liacheni kwa matumizi mengine, hata likiangaza kama kioo.

Jambo la mwisho, maana wengi mnaihifadhi shabu kwenye stoo ya pembejeo. Mbolea ya salfeti ya amonia ni punje nyeupe, na shabu iliyopondwa ni punje nyeupe. Shabu ikae kwenye chombo chake chenye kifuniko, kimeandikwa SHABU YA MAJI kwa herufi kubwa, rafu tofauti na mbolea, mahali ambapo mtoto hafiki.