Kabla Hujapanda Phinisi: Meza ya Indonesia Hupangwa Nchi Kavu

Siku tatu za kwanza za safari yetu ya visiwa vya Komodo, Indonesia, tulilishwa tambi za nyanya, chipsi na kuku wa kukaanga. Jahazi, phinisi ya mbao ya huko, lilikuwa zuri, mpishi alikuwa fundi, na kila jioni harufu ya mchaichai na vitunguu vya kukaanga ilitujia kutoka tezini, walikokuwa wakila mabaharia. Siku ya nne nikaenda kuuliza. Mpishi alishangaa. Fomu tuliyojaza ilikuwa na swali moja tu la chakula, mgeni hali nini, na ofisi yake ilimwagiza apike vya kizungu kwa kuwa wageni wengi huvimaliza. Viungo vya kwao alikuwa amebeba vya kuwatosha mabaharia wenzake basi, na katikati ya visiwa vile hakuna duka la kukimbilia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika. Wiki mbili au tatu kabla ya safari, mwandikie anayekukodisha chombo na umwombe ujumbe umfikie mpishi mwenyewe, maana ndiye anayekwenda sokoni. Vitaje vyakula kwa majina yake. Ukisema tu kwamba unataka chakula cha Indonesia, utaletewa nasi goreng, wali wa kukaanga, asubuhi na mchana. Ni mtamu, sikatai, lakini nchi hii ina visiwa zaidi ya 17,000 na kila pwani ina chungu chake.

Rendang ndiyo ya kuombwa mapema kuliko vyote, kwa sababu imezaliwa kuwa chakula cha safari. Ni ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, ambao vijana wao kwa mila huondoka kwenda kutafuta maisha ugenini. Nyama ya ng'ombe huchemshwa katika tui zito la nazi pamoja na mchaichai, manjano, tangawizi, pilipili na lengkuas, ndugu wa tangawizi mwenye harufu kali. Mwanzoni ni mchuzi kama michuzi mingine ya nazi. Tui likipungua likawa rojo la kahawia, huitwa kalio, na migahawa mingi huishia hapo ikaliuza kwa jina la rendang. Mpishi mwenye subira huendelea kwa moto mdogo, mwiko haukomi, mpaka tui litoe mafuta na nyama ianze kujikaanga humo humo, ikauke na kukaribia weusi. Iliyofika hapo hukaa siku kadhaa bila jokofu. Omba ipikwe bandarini, kabla nanga haijang'olewa: jiko linaloyumba si mahali pa kukoroga mafuta ya moto kwa saa nne.

Kisha angalia ramani, kwa sababu njia ya jahazi ndiyo itakayokuambia ule nini. Ukipanda Labuan Bajo, kisiwani Flores, kwenda Komodo, ambako majira mazuri ni Aprili hadi Novemba, utakuwa katika nchi ya ikan bakar, yaani samaki wa kuchomwa kwa mkaa aliyepakwa kecap manis, sosi ya soya nzito na tamu. Omba samaki anunuliwe sokoni siku ya kuondoka na achomwe usiku ule ule. Ukienda visiwa vya Raja Ampat, Papua, kupitia mji wa Sorong, ambako watu huenda zaidi kati ya Oktoba na Aprili, omba papeda. Ni sagu, wanga wa shina la mti wa jamii ya mnazi, iliyosongwa kwa maji ya moto mpaka ikawa laini na ya kunata, yenye kung'aa. Aliyewahi kunywa uji wa uwanga mzito ataitambua kwa macho. Haitafunwi. Huzungushwa kwenye vijiti viwili kama unavyokunja uzi, ikashushwa kwenye bakuli la kuah kuning, mchuzi mwembamba wa samaki wenye manjano na ndimu, kisha ikamezwa. Wageni wengi huionja mara moja wakaiacha kwa sababu wameila peke yake bila mchuzi. Usifanye hivyo.

Na kama bahati ikikupeleka visiwa vya Banda, jiandae kwa kungumanga. Kwa karne nyingi dunia nzima ilipata kungumanga na basibasi kutoka vijisiwa hivi tu, na kwa Mkataba wa Breda wa 1667 na Waholanzi, Waingereza waliacha madai yao juu ya Run, kimojawapo cha vijisiwa hivyo, huku Manhattan ikibaki mikononi mwao. Watu wa Banda hawaishii kwenye kokwa. Nyama ya tunda lenyewe, chachu na ngumu kidogo, huipika na sukari ikawa jemu ya kupaka mkate wa asubuhi. Omba pia bilinganya kwa mchuzi wa kenari, lozi za huko zinazosagwa zikawa rojo. Kwa msomaji wa Unguja na Pemba kuna jambo la kugusa zaidi: karafuu asili yake ni kaskazini mwa visiwa vya Maluku, kundi ambalo Banda nayo imo, na ilifika kwetu kwa kupitia Mauritius katika karne ya 19. Miaka ya baadaye Indonesia nayo ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara zao za kretek.

Pilipili inahitaji makubaliano ya mapema. Mwambie mpishi sambal, yaani vitoweleo vya pilipili, zije pembeni, kila moja na kibakuli chake. Usimwambie apunguze ukali ndani ya chungu, kwa maana utaharibu chakula na yeye atajisikia vibaya. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikitazama sambal matah ya Bali ikitengenezwa. Vitunguu vidogo vyekundu vilikatwa vyembamba hadi kisu kikaonekana upande wa pili, ikafuata sehemu nyeupe ya mchaichai, pilipili, chumvi, ndimu, na mwisho mafuta ya nazi ya moto yakamwagwa juu. Ikalia chwaa. Haikupikwa zaidi ya hapo. Juu ya samaki mweupe wa kuchoma, sijui kitoweleo cha kuishinda.

Hapa ndipo pa kuwa makini kweli kweli, wenye mzio. Terasi hutengenezwa kwa uduvi waliochachushwa na kupondwa, na humo jikoni huingia karibu kila mahali: kwenye sambal, kwenye nasi goreng, hata kwenye mboga zinazoonekana hazina hatia. Krupuk, zile bisi pana zinazovunjikavunjika mdomoni, mara nyingi zina kamba ndani. Gado-gado, mboga za kuchemsha na tofu, humwagiwa mchuzi wa karanga. Anayedhurika na kamba au karanga aandike kwa lugha yao, "saya alergi udang", "saya alergi kacang", arudie kwa mdomo siku ya kupanda, na abebe dawa yake, pamoja na sindano ya adrenalini kama daktari amemwandikia. Kutoka visiwa vya mbali vya Raja Ampat hadi hospitali ni safari ya saa nyingi kwa boti. Asiyekula nyama ataishi vizuri kwa tempe, soya iliyochachushwa ya Java, ila atamke wazi "tanpa terasi", bila terasi.

Waislamu wengi hudhani suala la halali limekwisha kwa kuwa Indonesia ni nchi ya Waislamu wengi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Bali ni ya Wahindu, Flores wengi ni Wakatoliki, na nguruwe hupikwa sana: babi guling kule Bali, na se'i, nyama ya kufukizwa kwa moshi ya Timor, ambayo huwa ya nguruwe au ya ng'ombe. Neno la kuliangalia ni babi, yaani nguruwe. Uliza pia kama wanatumia sufuria tofauti, na kama vyakula vya mtindo wa Kichina vinatiwa angciu, divai ya mchele. Swali hili halimkeri mtu huko. Ukilianza kwa "apa kabar, Pak", habari gani, bwana, utasikia jinsi habari zetu na kabar zao zilivyochota kisima kimoja cha Kiarabu, na mazungumzo yatakwenda yenyewe.

Tumbo nalo lipewe siku mbili za kuzoea. Anza na soto ayam, supu ya kuku yenye manjano, na wali mweupe. Viungo vikali na tui zito vije bahari ikitulia. Beba dawa ya kichefuchefu cha bahari na uimeze kabla chombo hakijaondoka, si baada ya kuanza kutapika, na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ziwe mkobani. Wedang jahe, chai yao ya tangawizi, hupatikana kwenye majahazi mengi.

Kuna vya kukataa. Mayai ya kasa, pezi la papa na nyama ya taa mkubwa aina ya manta, ambaye Indonesia ilimlinda nchi nzima mwaka 2014, visikaribie meza yako hata kama kuna anayeviuza ufukweni.

Mwisho, omba kwa adabu mlo mmoja wa kukaa na mabaharia tezini, wanachokula wao, kwa mkono wa kulia. Wengi wa phinisi hutoka Sulawesi Kusini, pwani ambayo ufundi wake wa kuunda vyombo hivi uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017, na ukibahatika utakuta coto, supu nzito ya nyama na karanga. Kama ni Ramadhani, subiri wafuturu. Chukua rupia za noti Labuan Bajo, Sorong au Ambon, bandari ya kwendea Banda, kwa kuwa mbele benki ni adimu, na uandae bahasha ya mpishi peke yake, mbali na ile ya mabaharia wote.