Kujifunza Kuunda Maumbo ya Kidijitali kwa Kujenga Upya Chumba cha TARDIS cha Mwaka 1963

Wengi wanaoanza kujifunza kuunda maumbo ya vipimo vitatu kwa kompyuta hukosea katika kuchagua kitu cha kwanza cha kuunda. Huyu hutaka uso wa binadamu, yule hutaka gari la kifahari, na baada ya wiki chache wote wawili hukata tamaa, si kwa kukosa kipaji bali kwa kuwa wamechagua vitu ambavyo macho ya watu yamevizoea mno kiasi kwamba kosa dogo tu huonekana papo hapo. Ninachopendekeza, na ambacho nimekifanya mwenyewe zaidi ya mara moja, ni kujenga upya seti ya tamthilia ya zamani ya kubuni ya kisayansi, na sijaona inayofundisha vizuri kuliko chumba cha ndani cha TARDIS, chombo cha kusafiria katika wakati cha tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who, kama kilivyoonekana kwa mara ya kwanza katika runinga ya BBC tarehe 23 Novemba 1963.

Chumba hicho kilibuniwa na Peter Brachacki, na kila kilichomo kinaweza kuelezwa kwa maneno machache: katikati ipo meza ya mitambo yenye pembe sita, juu ya meza hiyo inasimama nguzo angavu inayopanda na kushuka chombo kinaposafiri, na kuzunguka chumba zipo kuta zilizojaa maduara yaliyobonyea kwa ndani. Pembesita, mcheduara na duara ni maumbo ambayo programu yoyote ya uundaji inayo tayari. Anayejifunza halazimiki kuchonga chochote kwa mkono. Kazi yake ni kupima, kugawa na kurudufu, na mtu akishaunda sehemu moja ya sita ya meza ile kwa usahihi, huwa ameiunda meza nzima.

Kusoma picha kabla ya kushika kipanya

Anza kwa kukusanya picha za vipindi vya mwanzo, na uchague kipindi kimoja tu kiwe kielelezo chako. Nalisisitiza hili kwa sababu meza ya mitambo ilibadilishwa na kujengwa upya mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na mtu anayechanganya picha ya mwaka 1963 na picha za baada ya tamthilia kuanza kuonyeshwa kwa rangi, Januari 1970, atajikuta anaunda kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, kisha atashangaa kwa nini vipimo vyake havikubaliani.

Picha hazikuja na rula, kwa hiyo kipimo utakitoa kwa watu waliomo. Tafuta picha ambayo mwigizaji amesimama akiigusa meza, maana hapo yeye na ukingo wa meza wako karibu sawa kwa umbali kutoka kwenye kamera. Mtu aliyesimama nyuma zaidi ataonekana mdogo na atakupotosha. Tazama ukingo unamfikia wapi mwilini, nyongani au kiunoni, halafu umuunde binadamu sahili wa mita 1.75, hata kwa mcheduara na tufe tu, umsimamishe kando ya kazi yako tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi humwacha sanamu huyo katika faili hadi siku ya kutoa picha ya mwisho, kwani mara nyingi yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mlango wangu ulikuwa mwembamba au kwamba ukuta ulikuwa mrefu kupita kiasi.

Jambo jingine la kutazama kwa makini ni kwamba si kila ukuta ulikuwa na maduara ya kweli. Baadhi ya kuta zilikuwa picha kubwa bapa zilizochapishwa maduara. Utazitambua kamera inaposogea: duara la kweli hubadilika, ukingo wake wa ndani ukifichuka upande mmoja na kufichika upande mwingine, ilhali duara la picha hubaki vilevile. Hapo ni lazima uamue unaunda nini, chumba cha kubuniwa kinachodaiwa na hadithi, au seti halisi iliyosimama studioni. Ushauri wangu ni kuunda seti halisi, na ule ukuta wa picha uuache bapa kama ulivyokuwa, kwa sababu ukianza kukisahihisha ulichotumwa kukisoma utaacha kukitazama.

Meza ya pembe sita

Nitatumia mfano wa Blender, kwa kuwa haina malipo na msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2002, ila hatua hizi zinafanya kazi katika programu nyingine yoyote ya aina hiyo. Weka vipimo vyako kuwa mita, kisha ongeza mcheduara na, kabla ya kubofya kitu kingine chochote, badilisha idadi ya pande zake kutoka 32 hadi 6. Sasa unayo pembesita. Sifa yake nzuri ni kwamba urefu wa kila upande ni sawa na umbali wa kutoka kitovuni hadi kwenye pembe. Ikiwa umbali huo ni mita 1, kila upande una mita 1, na upana wa meza kutoka upande bapa hadi upande bapa wa mkabala ni mita 1.732. Takwimu hizi ni za mazoezi, nazo utazirekebisha kadiri picha zako zitakavyokuelekeza.

Futa kila kitu ila sehemu moja ya sita ya uso wa juu. Sehemu hiyo ni pembetatu yenye ncha kitovuni, lakini nguzo ya katikati huikata ncha hiyo, hivyo unachobaki nacho ni trapeza. Tuseme ukingo wa nje una mita 1 na ukingo wa ndani, unaoizunguka nguzo, una mita 0.3. Umbali wa mlalo kati ya kingo hizo mbili utakuwa 0.866 mara 0.7, yaani takriban mita 0.606, na ukitaka bamba liinuke kwa nyuzi 20 kuelekea kwenye nguzo, ukingo wa ndani utaupandisha kwa mita 0.22. Andika tarakimu hizo moja kwa moja kwa kibodi badala ya kuvuta kwa kipanya na kukisia, kwa maana tofauti ya sentimita moja katika bamba la kwanza itajitokeza katika mabamba yote sita.

Kisha weka kitu tupu, yaani alama isiyo na umbo inayoshika mahali na mzunguko tu, katikati kabisa ya dunia ya programu, na ukizungushe nyuzi 60 katika mhimili wa Z, yaani ule wa wima. Lipatie bamba lako modifaya ya kurudufu, yaani amri inayotoa nakala za umbo bila kuligusa lenyewe, yenye idadi ya 6, uiamuru ikifuate kitu hicho tupu, na uwashe chaguo la kuunganisha vipeo, yaani nukta za pembe za umbo, vinavyogusana. Mabamba yatazunguka yenyewe na kukutana.

Au hayatakutana. Mara yangu ya kwanza, kila bamba lilikuwa dogo kidogo kuliko lililotangulia, na meza nzima ikajikunja kama gamba la konokono. Nilipoteza jioni nzima nikisogeza vipeo kimoja kimoja kwa mkono, nisijue kwamba tatizo halikuwa katika vipeo. Nilikuwa nimelikuza bamba bila kuithibitisha skeli yake, yaani kipimo cha ukubwa wake, kwa hiyo programu ilikuwa inaugeuza ukuzaji ule kuwa punguzo katika kila nakala. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl+A na kuthibitisha skeli na mzunguko kabla ya kurudufu, kisha kuhakikisha kwamba kitovu cha bamba kipo katikati ya dunia na si katikati ya bamba lenyewe. Ukikuza picha hadi mahali bamba la sita linapoligusa la kwanza na usione hata ufa wa unywele, endelea. Ukiuona, rudi nyuma, kwa sababu ufa huo utaonekana wazi taa zitakapowashwa.

Ulinganifu una mwisho wake, na kuujua mwisho huo ni sehemu ya ufundi. Mabamba sita yanafanana kwa umbo lakini hayafanani kwa vifaa: hapa kuna swichi, pale taa, kwingine vipima vya mviringo. Kwa hiyo umbo tupu likishakamilika, geuza nakala ziwe umbo halisi, ndipo uanze kupanga vifaa. Usiunde kila swichi upya. Unda swichi moja, wenzo mmoja, kitufe kimoja na taa moja, kisha virudufu kwa Alt+D, ambayo huacha nakala zikichangia umbo moja, ili ukirekebisha ya kwanza zote zirekebike.

Wenzo mmoja unastahili subira. Una kitako cha mraba, kijiti cha sentimita 4 hivi, na kitufe cha duara nchani. Kijiti kinatosheka na pande 12. Kitako chake kichague na ulainishe kingo kwa Ctrl+B kwa upana wa milimita 1 tu, sehemu mbili au tatu. Milimita hiyo moja ndiyo inayogawa kitu kinachoaminika na kitu cha kompyuta, kwa sababu duniani hakuna ukingo wa mbao wala wa chuma uliochongoka kikamilifu. Kila ukingo una mviringo mdogo unaonasa mwanga na kuuonyesha kama mstari mwembamba mweupe. Linganisha kitako kilicholainishwa na kisicholainishwa chini ya taa ileile, nawe hutahitaji kuelezwa tena.

Ukuta wa maduara

Hapa ndipo wanaoanza huharibu zaidi. Kishawishi ni kuchukua ukuta bapa na kuutoboa kwa mcheduara mara hamsini, na matokeo yake ni wavu (mtandao wa vipeo na nyuso unaounda umbo) uliochanganyikana, wenye nyuso nyembamba ndefu zinazotoa vivuli vya ajabu. Maduara yale yamepangwa kwa kupishana, kama masega ya nyuki, na mpangilio wenyewe unakupa jibu: kigae chako kiwe pembesita. Chora duara lenye vipeo 24 ndani ya pembesita, na uugawe kila upande wa pembesita mara nne, ili vipeo vya nje navyo viwe 24 na kila kimoja kipate mwenzake wa ndani. Unganisha, chagua uso wa duara, uusogeze ndani kwa E, kisha ulainishe ukingo wa shimo. Ikiwa umbali kati ya vitovu viwili vya jirani ni mita 0.6, mstari unaofuata utasogea mita 0.3 kando na mita 0.52 chini. Picha zako zikionyesha kwamba nafasi za wima na za mlalo hazikubaliani na masega kamili, kivute kigae kiasi kinachotakiwa kisha urudishe duara lake kuwa duara.

Upande mmoja wa chumba uuache wazi. Seti ya studio huachiwa nafasi ya kamera, na kamera yako pia itapata mahali pa kusimama bila kubanwa na ukuta.

Rangi ina somo lake. Meza ya mwaka 1963 ilipakwa kijani hafifu, kwa sababu rangi nyeupe ingewaka mno mbele ya kamera za wakati huo, na katika runinga ya rangi mbili kijani kile kilionekana cheupe. Ipake modeli yako kijani hicho hicho, weka taa pana kutoka juu, toa picha kwa uwiano wa 4 kwa 3, kisha uiondoe rangi. Utaona jinsi kijani kinavyohifadhi vivuli vya vifaa juu ya mabamba, ambavyo weupe ungevimeza.

Baada ya hapo iweke picha yako juu ya picha ya kipindi ulichokichagua, ukiipa uangavu wa nusu, na utazame ni wapi mistari inaachana. Rekebisha kamera kwanza, kisha pembe ya mwinuko wa mabamba, na mwisho vifaa vidogo, kwa mpangilio huo, kwa kuwa kamera iliyokaa vibaya hufanya kila kipimo kingine kionekane kibovu. Vikikubaliana, inua kichwa uitazame dari: katika kipindi cha kwanza kulikuwa na taa kubwa inayoning'inia juu ya meza, nayo pia ina pembe sita, na kitu tupu chenye nyuzi 60 bado kipo katikati ya faili lako.