Somo: Kuchagua mikanda ya kufungia mzigo kwenye Canter, Fuso na trela ndogo

Wakuu, somo hili ni la wenye Canter, Fuso, kirikuu, na wale wanaovuta trela ndogo nyuma ya pikapu. Mikanda ya racheti siku hizi imejaa madukani, ya kila bei, na wengi tunachagua kwa kuangalia namba kubwa iliyochapwa kwenye pakiti: "5,000 kg". Namba hiyo si ya uongo, ila inajibu swali ambalo mara nyingi si lako. Nitaifikia hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Utazame mzigo kabla hujaenda dukani

Jiulize mzigo utataka kukimbilia wapi. Ukishika breki za ghafla gari linasimama, mzigo unaendelea na safari. Viwango vya Ulaya, ambavyo mikanda mingi inatengenezwa kwa kuvifuata, vinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Jenereta ya tani moja basi inataka kizuizi cha kilo 800 upande wa kichwa cha gari, yaani upande uliokaa wewe na utingo wako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji hata mkanda. Sogeza mzigo uegemee ukuta wa mbele wa bodi, nafasi ikibaki jaza mbao. Ukuta ukiwa imara, si bati lililooza kwa kutu, umeshapunguza mikanda ya kununua. Ila usirundike kila kizito mbele: mizani ya barabarani kama ya Vigwaza inapima kila ekseli, na Fuso inaweza kuwa chini ya uzito wa jumla lakini ekseli moja ikazidi.

Hatua ya 2: Kitambaa

Nunua poliesta. Utaitambua kwa lebo ya bluu. Lebo ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini. Angalia rangi ya lebo, si ya mkanda. Mkanda wenyewe unaweza kuwa wa chungwa au wa njano na bado ukawa poliesta. Uzuri wake ni kwamba hauvutiki sana: ukibebeshwa kiwango chake hautakiwi kurefuka zaidi ya asilimia 7. Nailoni inavutika zaidi, na ikilowa mvua ndiyo inazidi kulegea.

Poliesta ina adui mmoja ambaye huku kwetu tunaye kila siku: alkali. Saruji iliyolowa na chokaa ni alkali. Ukibeba simenti, kung'uta vumbi kwenye mikanda kabla halijanyeshewa, kisha isafishe kwa maji mengi. Nailoni yenyewe inaogopa asidi, kwa hiyo usiifungie betri zinazovuja.

Kamba ya katani iache ishikilie turubai.

Hatua ya 3: Soma lebo, si pakiti

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Lebo ya maana ina herufi LC, STF na SHF, na vipimo vyake vinaandikwa daN (dekanewtoni, kipimo cha nguvu). Chukulia daN moja ni sawa na uzito wa kilo moja, tofauti ni ndogo.

LC ni mvuto ambao mkanda unaruhusiwa kubeba. Mkanda wa upana wa milimita 50 wa kawaida una LC 2,500 ukivutwa moja kwa moja. Ukizungushwa mzigo ili pande zote mbili zibebe, inakuwa 5,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenye pakiti.

STF ni nguvu inayobaki ndani ya mkanda baada ya wewe kukaza racheti kwa mkono. Kwa mkanda uleule mara nyingi ni kama 350. SHF ni nguvu ya mkono wako kwenye mpini, 50.

Sasa fikiria tunavyofunga: mkanda unapita juu ya mzigo, ndoano huku na huku, unakaza. Mkanda wa namna hiyo hauuvuti mzigo nyuma. Unaugandamiza kwenye sakafu, na msuguano ndio unaouzuia. Kwa ufungaji huo 5,000 inakwambia tu kwamba mkanda hautakatika. Inayofanya kazi ni 350. Mkanda wa bei nafuu wenye STF kubwa una faida kuliko wa ghali uliojaa maandishi ya tani. Na usio na lebo kabisa urudishe, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Hatua ya 4: Hesabu ya mikanda mingapi

Turudi kwenye jenereta ya kilo 1,000. Iko juu ya fremu ya mbao, sakafu ni bati laini, na hakuna ukuta wa kuegemea. Msuguano wa mbao kwenye bati laini ni kama 0.3, hivyo uzito wenyewe unajizuia kwa kilo 300. Tunahitaji 800, zimebaki 500.

Mkanda mmoja wa STF 350 unagandamiza pande mbili, jumla 700. Zidisha kwa 0.3, unapata 210 za kuzuia kuteleza. 500 gawa kwa 210 ni 2.4, weka na akiba ya robo: mikanda mitatu.

Tandika sasa mkeka wa raba wa kuzuia kuteleza chini ya fremu. Msuguano unafika 0.6. Uzito unajizuia kwa 600, zimebaki 200, na kila mkanda sasa unatoa 420. Kwa hesabu mmoja unatosha. Wewe funga miwili, maana mzigo wenye mkanda mmoja unaweza kuzunguka. Mkeka umekuokolea mkanda mzima. Fagia mchanga na ufute oili kabla ya kuutandika, la sivyo hesabu hii yote haipo.

Pembe nayo inakula. Hesabu ya juu ni ya mkanda unaoshuka wima. Ukishuka kwa nyuzi 60 kutoka sakafuni unabaki na asilimia 87, nyuzi 45 ni 71, nyuzi 30 ni nusu tu. Ndiyo maana mzigo mfupi na mpana unakula mikanda mingi.

Hatua ya 5: Kufunga

Kwenye mhimili wa racheti, mkanda uzunguke angalau mara moja na nusu, usizidi mara tatu. Usifunge fundo, linapunguza nguvu vibaya. Kwenye kona kali weka kinga, hata kipande cha tairi. Mpini usiuongeze bomba ili ukaze zaidi. Ndoano iingie kwenye pete au fremu, si kwenye ukingo wa bati la bodi.

Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa lori akague mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kama kilomita 80. Kwa matuta yetu, ukitoka Dar kagua kabla hujaipita Kibaha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi natumia mipira ya tyubu kwenye kirikuu na sijawahi kudondosha kitu. Kuna haja ya kubadilisha?*

Kwa magodoro na matenga ya nyanya endelea tu. Mpira unaanza kushika baada ya kuvutika, na unavutika baada ya mzigo kusogea. Friji ikishasogea juu ya kirikuu kwenye kona, imeshaamua mambo yake.

*Nondo je? Nikikaza mikanda minne juu, bado zile za katikati zinachomoka kwenda mbele.*

Zitachomoka, mkuu. Mkanda wa juu unazibana za nje, za ndani ni chuma juu ya chuma. Zungusha mkanda mzima kuuzunguka mtumba wa nondo, ukaze, ndipo uushushe kwenye ndoano. Fanya hivyo sehemu mbili au zaidi, na ncha za mbele ziguse ukuta imara. Nondo zinazopita juu ya kebini bila kizuizi sizibebi.

*Kaka, nataka kusafirisha simtanki tupu la lita 5,000. Ni jepesi, si kamba inatosha?*

Dada, hapo shida si uzito, ni upepo. Tumia mikanda mipana ya milimita 50 miwili au mitatu, ipite kwenye mifereji ya tangi ili isiteleze, na uache kukaza plastiki inapoanza kubonyea. Likikaa juani linalainika na mikanda inalegea, kwa hiyo kaguakagua njiani. Pembeni weka mbao lisibingirike.

*Pikipiki kwenye pikapu, nafungaje?*

Gurudumu la mbele ligote ukutani. Mikanda miwili ya milimita 25 mbele, kulia na kushoto, kutoka chini ya usukani, ukaze hadi shokapu zishuke kiasi, si mpaka mwisho. Mingine miwili nyuma. Stendi ikunje.

*Gari la jirani limekufa njiani. Naweza kulivuta kwa mkanda huuhuu wa racheti?*

Hapana. Haukutengenezwa kwa mshtuko wa kuvuta gari, na ndoano au racheti ikichomoka inaruka kama jiwe la manati. Tafuta mkanda au fimbo ya kuvutia gari.

*Mkanda unatupwa lini?*

Ukiwa na mpasuko pembeni, nyuzi za mshono zimeachia, umeungua, racheti imepinda, ndoano imefunguka, au lebo haisomeki. Usiushone upya kwa fundi viatu. Ukate vipande kabisa, maana ukiutupa mzima utaukuta wiki ijayo kwenye gari la mwenzako.