Kabla ya Kununua Pikapu ya Zamani Inayovuta kwa Magurudumu Yote Manne

Wanunuzi wengi wa pikapu za zamani huanza kwa kufungua boneti, ilhali jambo linaloamua iwapo gari linafaa kununuliwa liko chini ya gari lenyewe, kwenye fremu, yaani chasisi. Injini hutolewa ikatengenezwa au ikabadilishwa, gia boksi vivyo hivyo, na hata difu hupatikana kwa wauza vipuri. Fremu iliyoliwa na kutu au iliyopinda katika ajali humlazimu mwenye gari kulibomoa lote, kuanzia kabini hadi eksi, na kazi hiyo mara nyingi hugharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo ni vyema ukaguzi uanzie chini, na usihamie kwingine mpaka fremu ikuridhishe.

Ingia uvunguni ukiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi, na kamwe usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Igonge fremu taratibu kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hutoa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mzito uliofifia, nacho huanza kutoboka ukikisukuma kwa bisibisi. Chunguza hasa sehemu zinaposhikiliwa springi, mahali boksi la usukani lilipofungwa, na fremu ya nyuma chini ya sehemu ya mizigo, ambako matope hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Kiraka kilichochomelewa vizuri si sababu ya kulikataa gari, lakini rangi nyeusi mbichi iliyopakwa uvunguni siku chache kabla ya kuuza inadai maelezo.

Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zinahitaji uangalifu wa pekee. Sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aloi ya alumini, isiyoshika kutu kama chuma, hivyo gari linaweza kupendeza kwa juu huku fremu yake ya chuma ikiwa imekwisha. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 zina bodi ya chuma, na kwa namna fulani huo ni uaminifu, kwa kuwa maradhi yake huonekana mapema milangoni na kwenye sakafu ya kabini.

Mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne ndio unaolipatia gari hili thamani yake, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu kwamba unafanya kazi. Katika pikapu nyingi za zamani eksi ya mbele huunganishwa kwa wenzo pale inapohitajika, na baadhi zina habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, zinazofungwa kwa mkono. Inua gurudumu moja la mbele, wenzo ukiwa kwenye magurudumu mawili, kisha ulizungushe: habu ikiwa imefungwa, shafti ya mbele lazima izunguke, ikiwa imefunguliwa, itulie. Ukiwa hapo, lishike gurudumu juu na chini ulitikise, kwa sababu mchezo, yaani kulegea, wa upande huo huonyesha beringi au pini za eksi zilizolika, wakati mchezo wa kushoto na kulia hutokana zaidi na viungo vya usukani. Baada ya hapo jaribu gia nzito kwenye udongo laini. Usiijaribu kwenye lami kavu, kwa kuwa mfumo huu hauna difu ya kati, ile inayoruhusu eksi ya mbele na ya nyuma kutofautiana kasi. Gari linapopinda, eksi mbili hutaka kuzunguka kwa kasi tofauti, na nguvu inayojikusanya huumiza gia na shafti.

Kuhusu injini, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti kuhakikisha bado ni baridi. Moshi wa bluu humaanisha oili inaungua. Moshi mweusi, mafuta yanazidi au hewa haitoshi. Moshi mweupe usiokwisha hata baada ya injini ya petroli kupata moto huashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma polepole: ikipumua kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa ni ishara ya maji.

Injini za petroli zina suala moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Nyingi kati ya zile za zamani zilibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilikoma kuuzwa kwa magari ya barabarani duniani kote mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho. Bila risasi, viti laini vya valvu za kutolea moshi, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zinapojifunga, huweza kulika, hasa gari likibeba mizigo mizito kwa mwendo mrefu. Uliza iwapo kichwa cha injini kimeshawekewa viti vigumu.

Usiihukumu gia boksi bila kujua aina ya gari. Land Rover Series II huhitaji ustadi wa klachi kuingiza gia ya kwanza na ya pili, kwa kuwa ni gia ya tatu na ya nne tu zenye visawazishi, yaani sehemu zinazolinganisha kasi za gia kabla hazijashikana. Sauti ya kusaga hapo huenda ikatokana na mkono wa dereva. Gia inayoruka yenyewe mteremkoni, hilo ni tatizo la kweli.

Kisha jiulize kwa dhati gari utalitumia kwa kazi gani. Breki za ngoma, usukani mzito na kabini isiyomlinda abiria kama magari ya sasa vinavumilika kwa safari fupi za shambani, lakini singemshauri mtu alitegemee kusafirisha familia kila siku kwenye barabara kuu.

Ukiridhika, andika orodha ya matengenezo ya lazima, upate bei zake kutoka kwa fundi na muuza vipuri, uzijumlishe na bei inayotakiwa, kisha uongeze akiba ya yale yasiyoonekana. Ulizia mapema mipira ya milango, vioo na mabati ya bodi, kwa sababu mara nyingi hivyo huadimika kuliko vipuri vya injini. Kabla ya kutoa malipo yoyote, linganisha namba iliyogongwa kwenye fremu na ile iliyo katika hati ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, au ukikuta mahali pa namba pamesagwa, acha ununuzi huo hata kama kila kitu kingine kimekupendeza.