Mtoto kachaguliwa vyuo viwili: kazi ya mzazi kabla dirisha la uthibitisho halijafungwa

Tangu 2017 waombaji wa shahada Tanzania hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) huratibu udahili kwa awamu. Ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kupata vyuo vitatu kwa mpigo. Akipata zaidi ya kimoja, sharti athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Akizembea, anaweza kubaki bila chuo huku ufaulu anao.

Hatua ya 1: Kagua namba ya simu, leo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Fomu nyingi hujazwa steshenari, na kijana wa steshenari, akiwa na foleni mlangoni, huandika namba yake mwenyewe au barua pepe aliyoibuni papo hapo. Namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye namba au barua pepe iliyojazwa kwenye maombi. Siku ikifika, simu inayolia si yenu.

Ingieni kwenye akaunti ya kila chuo alichoomba, mhakikishe namba na barua pepe ni zake. Nywila zote ziandikwe kwenye daftari. Laini iwe hai na iwe na usajili unaoeleweka, kwa sababu laini ya kuazima ikipotea hamwezi kuirudisha.

Hatua ya 2: Someni majibu kwa utulivu

Aliyepata chuo kimoja tu hahitaji namba ya siri. Aliyekosa asilie muda mrefu, awamu inayofuata ina muda wake. Ila asirudie kozi ileile kabla ya kupiga hesabu. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha jumla ni masomo mawili yenye pointi 4.0, kwa hiyo mwenye D mbili na E moja kwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anakidhi sifa za chuo kikuu. Udaktari, hata hivyo, unataka angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, na E moja inatosha kumtoa. Mfumo haumwonei, na kuomba udaktari vyuo vitano zaidi ni kupoteza ada za maombi.

Hatua ya 3: Hesabu kwenye karatasi

Chora safu moja kwa kila chuo: ada, malazi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, bima ya afya, kisha zidisha kwa miaka ya kozi. Ualimu ni miaka 3, uhandisi 4, udaktari 5 na mwaka mmoja wa utarajali juu yake.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) uandikeni kwa penseli. Unaweza kuja pungufu, au mtoto akakosa kabisa. Muulizane pia: bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, likichelewa wiki tatu, atakula nini? Chuo chenye ndugu wa karibu mjini hapo huanza kuonekana tofauti.

Hatua ya 4: Mwache aseme

Mwambie afungue orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ya kila kozi akusomee kwa sauti. Msikilize anapoharakisha na anapopunguza mwendo. Jina la kozi huficha mengi, orodha haifichi. Wewe sema ukweli wa fedha, basi. Mtoto wa shangazi anayesoma sheria asitajwe mezani. Na usimthibitishie usiku akiwa amelala: wapo wazazi wanaofanya hivyo, na kuhama baadaye kunahitaji kibali cha vyuo vyote viwili, kisha mkopo nao uhamishwe.

Hatua ya 5: Thibitisha mapema

Msingoje siku ya mwisho, mifumo huelemewa. Mtoto aingie kwenye akaunti ya chuo anachokitaka, aweke namba ya siri, kisha apige picha ya skrini inayoonyesha uthibitisho. Namba isipofika, aiombe tena kupitia akaunti hiyohiyo. Namba hiyo asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni wa chuo.

Baadaye afungue akaunti yake ya HESLB aone kama chuo na kozi ni vile alivyothibitisha. Laini ile ya simu isibadilishwe mpaka amalize kusajiliwa chuoni.