Somo: Sanaa ya dhahania kwa Fractint, menyu kwa menyu

Kila ninapoonyesha picha hizi swali huwa lile lile: umechora kwa mkono? Sijachora. Mimi hata mstari wa rula hunipinda. Zinatoka kwenye Fractint, programu ya zamani ya DOS ya kuchora fraktali (maumbo yanayotokana na kurudia hesabu moja tena na tena), isiyo na madoido yoyote: menyu za maandishi tu, unachagua, unabonyeza Enter, unangoja.

Ilianza mwaka 1988 kwa jina la FRACT386, kazi ya Bert Tyler, kisha ikaendelezwa na kikundi cha waandishi wa programu waliojiita Stone Soup Group, kila mmoja akiongeza chake, na ikaendelea kugawiwa bure. Ile "int" ya mwisho katika jina ni ya namba kamili. Kompyuta nyingi za siku zile hazikuwa na chipu ya kukokotoa desimali, kwa hiyo hesabu za namba kamili zilikwenda mbio zaidi.

Niseme jambo moja kabla hatujaanza. Wengi wakishaifungua hukimbilia kuzamia kwenye umbo la Mandelbrot, fraktali maarufu kuliko zote. Wanavuta karibu, wanavuta tena, saa nzima, wanaibuka na picha ya vikonokono ambayo dunia nzima inayo tangu miaka ya themanini. Si mbaya, ila hiyo ni utalii. Picha ya dhahania inapatikana kwenye menyu ya X, na huko ndiko somo hili litakakokaa muda mrefu.

Hatua ya 1: Kuiwasha

Kompyuta za leo haziendeshi DOS zenyewe, kwa hiyo weka DOSBox kwanza, programu inayoiga DOS. Weka faili za Fractint kwenye folda moja, tuseme c:\fractint, fungua DOSBox, kisha andika:

mount c c:\fractint
c:
fractint

Wenye Linux wanaweza kutumia Xfractint, vitufe ni karibu vile vile. Ikiwa kwenye DOSBox inakwenda kwa kujikongoja, bonyeza Ctrl na F12 mara kadhaa kuiongezea kasi. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 hukiachia.

Ukishapita skrini ya majina, bonyeza Enter, unafika menyu kuu. Kila mstari una herufi yake pembeni. Zizoee hizo herufi mapema, maana picha ikiwa kwenye skrini hakuna menyu inayoonekana. Herufi ndiyo menyu.

Hatua ya 2: Ukubwa wa picha

Bonyeza Delete, orodha ya saizi itatokea. Kwa majaribio chukua 320 x 200 yenye rangi 256. Ni ndogo, inakwaruza macho, lakini inachorwa upesi, na utachora mamia kabla ya kupata moja ya kutunza. Saizi kubwa baadaye.

Hatua ya 3: Aina ya fomula

Bonyeza T. Orodha ni ndefu: mandel, julia, newton, plasma, lorenz na nyingine kibao. Kwa leo chagua fn(z)+fn(pix). Jina linatisha, maana yake nyepesi: chukua kazi moja ya hesabu, jumlisha na nyingine, na kazi hizo unajichagulia mwenyewe.

Hatua ya 4: Vigezo vya fomula

Baada ya kuchagua aina, skrini ya vigezo hujifungua yenyewe. Ukitaka kuirudia baadaye, ni Z. Utakuta nafasi mbili za kazi za hesabu. Ya kwanza weka sin, ya pili weka flip. Hii flip hubadilishana sehemu mbili za namba changamano (sehemu halisi na sehemu ya kufikirika), na kwa macho yangu ndiyo inayovuruga ulinganifu vizuri kuliko zote. Ukiacha sqr iliyopo pale, yaani kuzidisha namba kwa yenyewe, utapata picha iliyotulia mno, kama zulia la dukani.

Enter, picha inachorwa. Usiipende bado.

Hatua ya 5: Menyu ya X

Hapa punguzeni mwendo.

Ili ujue unachobadilisha, fikiria kila nukta ya skrini ni mbuzi ndani ya ua. Fomula inamwambia arukie wapi. Akitua, anapewa tena fomula ile ile, anaruka tena. Kuna mbuzi anayevuka ua baada ya miruko mitatu, kuna wa miruko arobaini, kuna asiyetoka kabisa. Kwa kawaida Fractint inahesabu miruko hadi mbuzi avuke, na hesabu hiyo ndiyo rangi ya nukta. Ndiyo maana picha za kawaida zina mikanda mikanda kama mistari ya ramani ya milima.

Sasa bonyeza X, shuka hadi palipoandikwa Outside, mstari unaofuata Outside Color, na kwa mishale ya kushoto na kulia ubadili chaguo. Kilichopo ni iter, yaani hesabu ya miruko. Chaguo nyingine zinauliza maswali mengine kabisa. Ukiweka atan, programu haijali tena mbuzi ameruka mara ngapi; inaangalia alipotokea uani alikuwa upande gani, na rangi inatokana na pembe hiyo. Mikanda inapasuka, kila mkanda unajaa upinde wa rangi unaozunguka, na umbo ulilolizoea linakuwa vipande vya vitambaa vilivyoshonwa ovyo. Ukiweka tdis, inapima jumla ya umbali aliotembea. real na imag huangalia alitua wapi, na summ huchanganya yote kwenye chungu kimoja.

Badilisha kimoja, bonyeza Enter, tazama, rudi X. Kimoja kimoja jamani. Ukigusa vitano kwa mpigo na picha ikatoka nzuri, hutajua nani wa kushukuriwa.

Juu ya hapo kuna Inside Color na Inside, ambazo ni habari ya mbuzi wasiotoka. Isipoguswa wote hupakwa buluu moja, na buluu ile ndiyo inayoharibu picha nyingi za wanaoanza. Weka namba 0 upate nyeusi safi, au chagua zmag, eneo lile lijae vivuli. epsiloncross nayo hunasa nukta ambazo njia yake ilipita karibu sana na mihimili, zikatokea nyuzi nyembamba kama za buibui. Nyuzi hizo juu ya atan... jaribuni wenyewe.

Jambo la mwisho la kugusa kwenye menyu hii ni Maximum Iterations, idadi ya juu ya miruko. Imewekwa 150. Kwa fomula yetu 250 inatosha. Kupandisha hadi elfu kumi bila sababu ni kujiongezea kungoja.

Hatua ya 6: Kusogea

Bonyeza Page Up, kisanduku kitatokea. Page Up tena hukipunguza, Page Down hukipanua, mishale hukisogeza. Enter, na kilichomo ndani kinakuwa picha nzima. Ukijuta, herufi h inakurudisha picha iliyotangulia.

Vuta mara mbili au tatu tu. Kinachotafutwa hapa ni mpangilio: pahali ambapo upande mmoja una fujo na mwingine umetulia. Mimi huwa nakunja macho hadi nione madoa tu. Madoa yakikaa vizuri, picha imekaa vizuri. Ikianza kutoka na vigae vigae vikubwa, bonyeza f kuhamia hesabu za desimali.

Hatua ya 7: Rangi

Bonyeza C, kisha +. Rangi zitaanza kuzunguka, na kwa mara ya kwanza utakaa ukizitazama tu, hiyo ni ada. Ukibonyeza Enter programu inakutungia rangi mpya kwa bahati nasibu. F2 hadi F10 pia hutunga, F2 kwa mikanda mifupi ya rangi, F10 kwa mirefu. Picha za atan zinapenda mirefu. Nafasi husimamisha mzunguko, L hukufungulia faili za rangi zilizokuja na programu, Esc inakutoa.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Hapa niliumia. Niliwahi kupata picha moja ya kijivu na kutu, kama bati lililonyeshewa miaka, na katikati mkwaruzo mmoja wa chungwa. Nilikuwa bado ndani ya C. Nikabonyeza S, programu ikaniomba jina, nikaandika jina, nikaenda kulala nimeridhika. Kumbe ndani ya C herufi S huhifadhi rangi peke yake, faili ya .map, si picha. Rangi zile ninazo hadi leo. Picha yenyewe sijaipata tena.

Kwa hiyo: Esc kwanza, utoke kwenye rangi, ndipo S. Faili zitajiita fract001.gif, fract002.gif na kuendelea. Kisha bonyeza na B, ambayo huandika vigezo vyote kwenye faili ya maandishi, hivi:

mawimbi03 {
reset=2004 type=fn(z)+fn(pix) function=sin/flip
center-mag=0.35/-0.8/2.5 params=0/0/1/0 float=y
maxiter=250 inside=0 outside=atan
}

Ukiwa umebadili rangi, mstari wa colors nao utakuwemo. Mistari michache hii ni picha nzima. Unaweza kumtumia mwenzako kwa ujumbe wa simu, naye akaichora kwake kwa kubonyeza @ na kuchagua jina.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu shikamoo. Kompyuta yangu mpakato haina Page Up. Nimekwama hatua ya sita.

Marahaba mwanangu. Nyingi hufanya kazi kwa kushika Fn na mshale wa juu. Page Down ni Fn na mshale wa chini. Ikishindikana, chomeka kibodi ya nje.

Swali: Kaka, nilichora plasma ikatoka nzuri sana, mawingu ya zambarau. Nikabadili saizi iwe kubwa, ikatoka nyingine kabisa. Nikairudia mara kumi, kila mara nyingine. Tatizo nini?

Si tatizo, plasma ndivyo ilivyo. Ni ya bahati nasibu, na kila ikichorwa inaanza na mbegu mpya, yaani namba ya kuanzia. Bonyeza Z, utaona sehemu ya Random Seed Value. Ikiwa 0 inachukua mbegu mpya, ukiweka 1 inatumia ile iliyopita. Weka 1 mara tu upendapo kitu, kabla hujagusa kingine chochote. Ile ya zambarau, pole dada, imeshakwenda.

Swali: Nataka kuchapisha kwenye karatasi kubwa. Nikikuza GIF inakuwa na ngazi ngazi.

Usikuze faili, chora upya. Ndiyo faida ya B. Ita vigezo kwa @, bonyeza Delete, chagua saizi kubwa kwenye orodha. Zipo zenye neno Disk, hizo huchora moja kwa moja kwenye diski bila kuonyesha picha kwenye skrini, kwa hiyo hazibanwi na skrini yako. Utaona namba zikipanda tu. Mimi huchora mara mbili ya upana ninaotaka, kisha naipunguza nusu kwenye programu ya picha ya kawaida. Hapo vile vichembe vya mchanga ambavyo atan huacha kwenye kingo vinayeyuka. Kumbuka tu GIF ina rangi 256. Kabla ya kuipunguza ibadili iwe ya rangi kamili, la sivyo kingo zitabaki zimekatika.

Swali: Samahani, si ugomvi, lakini kama kompyuta ndiyo iliyochora, wewe umefanya nini hasa?

Nimekataa. Jumapili iliyopita nilichora kama mia na ishirini, nikatunza tatu, na moja kati ya hizo sina hakika nayo. Programu haijui ipi ni nzuri, kwake zote ni sawa. Ukiona hiyo si kazi, chora kumi, chagua moja, halafu mweleze mtu kwa nini si ile nyingine. Mimi hunichukua muda mrefu kuliko kuchora.

Swali: Mwalimu, nimefuata vyote, sin na flip, atan, inside 0, nimepata skrini nyeusi tupu.

Umevuta ukaingia katikati ya mbuzi wasiotoka. Bonyeza h urudi nyuma, sogeza kisanduku kwenye ukingo, pale rangi inapokutana na weusi. Ikiwa hata picha ya kwanza kabisa ni nyeusi, rudi Z utazame namba: params yangu ina 1 kwenye nafasi ya tatu. Ukiweka 0 pale, kazi ya pili inazidishwa kwa sifuri, flip inakuwa kama haipo, na hiyo si picha yetu tena.