Ukifika Roma, soma mawe kabla ya kupiga picha

Wageni ninaowatembeza hapa Roma huwaomba kwanza waweke simu mfukoni, watafute maneno haya ukutani: PONT MAX. Ni mkato wa Pontifex Maximus, kuhani mkuu, cheo alichokuwa nacho Julius Caesar na baada yake Augusto. Mapapa wa karne ya 15 na 16 walikichonga karibu kila walipojenga au kukarabati. Jina lililotangulia ni la Papa mwenyewe. Namba za Kirumi baada ya ANNO ni mwaka. V husimama pia badala ya U, kwa hiyo PAVLVS ni Paulus.

Jaribu kwenye Uwanja wa Mtakatifu Petro, asubuhi, jua likiwa bado la upande, maana herufi huonekana vizuri zaidi. Nenda kwenye obeliski, ile nguzo ndefu ya jiwe moja iliyochongoka, uangalie kitako chake. Upande mmoja Papa Sixtus V anatangaza, mwaka MDLXXXVI, yaani 1586, kwamba jiwe lililokuwa wakfu kwa miungu ya mataifa amelihamishia mlangoni pa Mitume. Msanifu majengo Domenico Fontana ndiye aliyelisimamisha, kwa kamba, farasi na mamia ya watu, nalo lina uzito wa zaidi ya tani 300. Sasa panda na macho kidogo. Sehemu ya chini ya jiwe lenyewe bado ina maandishi ya kale ya kuwatukuza Augusto na Tiberio. Papa aliweka msalaba kileleni, majina ya Makaisari akayaacha. Hapa nisingependa mtu apite haraka.

Ila usimwite mhifadhi. Sixtus huyohuyo alibomoa Septizodium, jengo la Kaisari Septimius Severus, apate mawe ya kujengea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Maandishi yakiwa yamefifia, tafuta nembo: mti wa mwaloni ni wa Sixtus IV au Julius II, mayungiyungi ni ya Paulo III, mipira ni ya ukoo wa Medici. Kilimani Campidoglio, Paulo III ndiye aliyeihamishia sanamu ya Kaisari Marcus Aurelius na farasi wake mwaka 1538. Sanamu ya uwanjani ni nakala, ya asili iko ndani ya makumbusho.

Katika Makumbusho ya Vatikani, ingia ua wa pembe nane kabla ya kuelekea Kanisa dogo la Sistina. Sanamu ya Laocoön, kuhani wa Troya katika hadithi za kale, imo, akipambana na nyoka. Ilifukuliwa shambani mwa mizabibu mwaka 1506, na Julius II akainunua mwaka huohuo.